Kituo cha batri cha L'shi: tusirudilie ya Yangambi



Juzi nilikuwa nimekaa kwa mudogo wangu, anatengeneza simu hapa komini Lubumbashi, karibu na Posta. Alikuwa anatoa batri iliyovimba ndani ya simu ya mama mmoja. Mama akaiangalia, akauliza: « Ile kobalti banachimbaka kwetu, njo iko mule ndani? » Mudogo akajibu: « Njo ile, mama. » Mama akanyamaza kidogo, kisha akasema: « Sasa juu ya nini banatuuzisha batri mupya bei ya vile? » Mudogo akanigeukia: « Yaya, we njo ulisoma. Jibia mama. »

Mimi nilisoma agronomia. Nina lisansi, nazoea udongo, mbolea na mahindi. Nikamwambia kwa kifupi kwamba madini yanatoka hapa kama unga, yanavuka bahari, na batri inatengenezwa kule. Mama akaniuliza swali ambalo sijaliacha mpaka leo: « Na ile unif yenu, haiwezi kuitengeneza? »

Swali la mama si la kijinga, maana kwenye unif yetu kuna kituo ambacho kazi yake ni kulijibu. Tarehe 22 Aprili 2022, hapa Lubumbashi, kulizinduliwa Centre africain d'excellence pour la recherche avancée sur les batteries, CAEB kwa kifupi. Kiko kwenye Université de Lubumbashi, na wenzake ni vyuo viwili vya Zambia: University of Zambia na Copperbelt University. Kazi waliyopewa ni kufundisha watafiti, kutafuta namna ya kugeuza madini yetu kuwa vitu vya ndani ya batri, na kushauri serikali. Wiki moja nyuma ya pale, tarehe 29 Aprili, Kongo na Zambia zikatia saini mapatano ya batri kule Lusaka. Desemba ya mwaka ule ule Marekani nayo ikatia saini pamoja na nchi hizi mbili.

Mimi nafurahia kituo hiki, na niseme vile mapema, kusudi mtu asisome haya akasema nimekuja kubomoa. Ninachokosoa ni namna tunavyokisifu. Tunasema « tuko na kituo » sawa vile mtu anasema « niko na shamba » huku hajapanda kitu. Na sisi watu wa agronomia tuko na sababu ya pekee ya kuogopa usemi ule, maana Kongo ilishakuwa na kituo kikubwa cha utafiti, na tuliona mavuno yake yalienda wapi. Nitafika pale.

Tuanze na hesabu ambayo kila mtu anairudilia. Novemba 2021, kwenye mkutano wa wafanyabiashara Kinshasa, ulitolewa utafiti wa BloombergNEF. Ulisema kujenga Kongo kiwanda cha prekursa cha tani 10,000 kunaweza kugharimu dola milioni 39. Kiwanda cha namna ile Marekani ni milioni 117, China milioni 112, Poland milioni 65. Toka siku ile hakuna hotuba ya batri isiyo na ile 39. Watu wanaisema kwa furaha, sawa vile timu ilishashinda.

Lakini 39 ni bei ya kujenga kiwanda. Bei ya kujua kukiendesha haiko mule.

Prekursa ni nini? Ni unga unaotangulia katodi, ule upande wa batri wenye kubeba bei kubwa. Unayeyusha salfeti za nikeli, manganizi na kobalti ndani ya maji, unaziingiza pole pole ndani ya tangi pamoja na soda na amonia, maji ya tangi yanakorogwa masaa mengi, na madini yanashuka pamoja kama chembe ndogo za mviringo. Kisha chembe zile zinasafishwa, zinakaushwa, zinachanganywa na litiamu na kuchomwa ndani ya tanuru. Ukisoma kwenye karatasi ni rahisi. Ila asidi ya maji ikibadilika kidogo tu, joto likishuka, mzunguko ukienda mbio zaidi, chembe zinatoka mbaya na mnunuzi anakurudishia mzigo wote.

Fikiri bukari. Unga ni ule ule, maji ni yale yale, sufuria ni ile ile. Bukari ya mama inashika mukono, na ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kwenye home inakuwa na mabunju. Tofauti iko ndani ya mukono uliosonga mara elfu. Kituo cha utafiti njo mahali pa kusonga mara elfu, kuharibu mara mia tisa, na kuandika kila mara ulivyoharibu. Asiyeharibu kwake atanunua ujuzi kwa mwingine, na atalipa kila mwaka.

Hapa kwetu L'shi hatuhitaji kwenda mbali kuona maana ya jambo hili. Terili ya Gécamines, ule mlima mweusi kando ya shimine, wazee wetu waliuona kama takataka za tanuru. Toka 1911 shaba ya kwanza ilipoyeyushwa hapa, uchafu ulikuwa unamwagwa na kurundikana. Kumbe ndani mulikuwa kobalti. Karibu na mwaka 2000 kilijengwa kiwanda cha kuichomoa, na kilichotoka mule, mchanganyiko wa kobalti na shaba, kilisafirishwa mpaka Kokkola, kule Finland, kusafishwa. Finland haikuwa na mlima wetu. Ilikuwa na watu wanaojua kusafisha. Mlima ulikuwa machoni petu karibu miaka mia, na ujuzi ulikaa kilomita maelfu.

Jambo la pili ninalokosoa: tunaongea juu ya batri sawa vile kobalti itabakia mfalme siku zote. Ni kweli Kongo inatoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani. Ni kweli pia kwamba serikali ilionyesha nguvu yake: tarehe 22 Februari 2025 ilifunga kobalti isitoke, kwanza miezi minne, kisha ikaongeza mitatu, na toka tarehe 16 Oktoba ikaweka kiwango: tani 18,125 mpaka mwisho wa mwaka, halafu tani 96,600 kwa mwaka 2026 na vile vile 2027. Bei ilikuwa imeanguka juu ya kobalti kujaa sokoni, na mlango ulipofungwa ikapanda. Vizuri.

Lakini mnunuzi naye iko anafikiri. Batri za kwanza za nikeli, manganizi na kobalti zilikuwa na kobalti theluthi moja ya metali zile. Watu wa maabara wakafanya kazi, wakafika kwenye ile wanaiita 811: sehemu nane za nikeli, moja ya manganizi, moja tu ya kobalti. Na kuna batri nyingine, LFP, ya litiamu, chuma na fosfati. Haina kobalti hata punje, haina nikeli. Leo inashika karibu nusu ya batri zote za magari ya umeme duniani. Kila mara tunapopandisha bei ya kobalti, mtafiti mmoja mahali fulani anapata feza za kutafuta namna ya kutukwepa.

Sisemi serikali ikose kufunga mlango. Nasema kufunga mlango kunapandisha bei ya leo, na utafiti peke yake njo unaweza kukugeuza pamoja na dunia inapogeuka. Kituo kikijifunga kwa kobalti tu, kitakuwa sawa na mkulima aliyepanda mbegu moja shamba lote. Mwaka mzuri anacheka. Mwaka wa wadudu anaomba kwa jirani. Kongo iko na shaba, iko na litiamu ya Manono, iko na manganizi ya Kisenge. Zambia iko na shaba yake na manganizi yake. Kituo cha pamoja kina vitu vya kutosha vya kujaribu namna nyingi.

Na ile fosfati ya LFP inanigusa mimi moja kwa moja. Udongo wetu mwekundu wa Katanga unashika fosfori na hauiachii. Mahindi yanabaki mafupi, majani yanageuka rangi ya zambarau. Fosfati ninayoitafutia shamba njo ile ile kiwanda cha batri kinaitafuta. Siku moja watu wa mbolea na watu wa batri watakutana kwenye mlango mmoja wa muuzaji. Nani ndani ya kituo ameitiwa kufikiri jambo lile? Meza ya batri bila mtu wa udongo ni meza yenye miguu mitatu.

Sasa nafika Yangambi.

Mwaka 1933 Wabelgiji waliunda INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kongo, na makao yake makubwa yakawekwa Yangambi, kando ya mto, kilomita kama 100 kutoka Kisangani. Wakati ule hapakuwa Afrika ya joto vituo vingi vya kulingana nayo. Mule ndani, watafiti wawili, Beirnaert na Vanderweyen, walifungua siri ya mngazi. Kuna mngazi wa dura, kokwa lake lina ganda nene na nyama kidogo. Kuna wa pisifera, hauna ganda, ila mara nyingi hauzai. Wakaonyesha kwamba ukivuka dura na pisifera, watoto wote wanakuwa tenera: ganda jembamba, nyama nyingi, mafuta karibu asilimia 30 zaidi. Waliandika mwaka 1941. Ni moja ya ugunduzi mkubwa wa kilimo wa karne ile, na ulifanyika kwetu, kwenye udongo wetu, kwa mingazi yetu, na kwa mikono ya wafanyakazi wetu ambao majina yao hayakuandikwa.

Leo tenera imejaa wapi? Indonesia na Malaysia. Nchi zile mbili zinatoa zaidi ya asilimia 80 ya mafuta ya ngazi ya dunia. Na Kongo, yenye Yangambi, inanunua mafuta ya ngazi kutoka nje. Ingia sokoni, uliza ile bidoni ya njano imetoka wapi.

Banasema Wabelgiji waliiba. Wakoloni walichukua mengi, sibishani. Lakini tenera haikuibwa: iliandikwa, ikachapwa, kila mtu aliweza kusoma. Shida ni kwamba wakati wa uhuru, mwaka 1960, Wakongo waliokuwa na diplomi ya unif walikuwa wachache mno, hawajai hata basi moja. Kituo kilikuwa kwetu lakini hakikuwa ndani yetu. Wabelgiji walipoondoka, waliondoka na vichwa. Nyumba zikabaki, miti ikabaki, vitabu vikabaki. INEAC ikaja kuwa INERA, na wenzetu wa INERA wanajua wenyewe wanavyopigana kupata hata petroli ya kufika kwenye mashamba ya majaribio.

Na Malaysia ilifanya nini? Mwaka 1979 iliunda taasisi yake ya utafiti wa mafuta ya ngazi, PORIM. Haikungoja wafadhili. Kila tani ya mafuta iliyotoka ililipa kitu kidogo, na kitu kile kililipa utafiti. Bei ikipanda au ikishuka, labo ilikuwa na feza zake. Ninaona siri yao ilikuwa pale: zao lenyewe lililisha utafiti wake.

Tukirudi kwetu: nani analisha CAEB? Mradi ukitoka kwa wafadhili, unaanza na wafadhili na unaisha na wafadhili. Lakini sheria yetu ya madini ya 2018 iliongeza mrabaha, na kobalti iliwekwa kati ya madini ya mkakati, inalipa asilimia 10. Mrabaha ule unagawanywa: 50 kwa serikali kuu, 25 kwa provensi, 15 kwa maeneo ya mitaa, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Vizazi vijavyo njo nani? Si mwanafunzi aliye Kasapa leo, anayesoma kemia na taa ya simu juu ya umeme umekatika? Pendekezo langu ni hili, na niko tayari kubishana na yeyote: sehemu ndogo ya mrabaha wa kobalti, iandikwe ndani ya sheria, iende moja kwa moja kwenye labo. Isipitie kwenye mikutano, isiishie kwenye gari. Inunue mashine, vipuri vya mashine, madawa ya labo, na mshahara wa teknisiani.

Naweka mkazo kwa teknisiani. Wakati wa kazi yangu ya mwisho, nilichukua sampuli za udongo, nikazipeleka kwenye labo moja ambayo sitaitaja. Mashine ya kupima metali ilikuwa pale, nzuri, na kitambaa juu yake. Taa moja tu ndani yake ilikuwa imekufa, na hapakuwa mtu wa kuibadilisha wala feza za kuiagiza. Nikangoja miezi mitano. Mwishowe sampuli zilienda nje ya nchi ndani ya mzigo wa mtu, na majibu yalinirudilia kwa barua pepe. Udongo wa Katanga ulipanda ndege, Mkatanga akabaki. Kwa vile mtu akiniambia « kituo kimepata mashine », naulizaka kwanza: nani atafungua ikiharibika?

La mwisho ni maji. Ile soda inayoingia ndani ya tangi la prekursa inatoka kama salfeti ya sodiamu, chumvi nyingi inayobaki ndani ya maji. Ikienda mtoni, itafika kwenye bustani. Bamama wanaopanda lenga-lenga na sombe kando ya mto wanamwagilia na maji yale yale. L'shi haihitaji kuhubiriwa juu ya hili. Mwanzo wa Novemba 2025 maji machafu ya kampuni ya Congo Dongfang Mining yalimwagika ndani ya makao ya watu hapa mjini, na serikali ikasimamisha kazi za kampuni. Kule Penga Penga, chini ya moshi wa zamani wa shimine, udongo ulibaki na metali nyingi hata majani yanakataa.

Lakini kule kule Penga Penga kuna habari njema. Watafiti wa agronomia wa hapa wamejaribu kufunika udongo ule na majani madogo ya kwetu, Microchloa kunthii, yanayovumilia shaba, kusudi vumbi na metali visitembee. Katanga iko na mimea inayokaa kwenye shaba ambayo haipatikani penginepo. Hiyo nayo ni sayansi, ilitoka hapa, na watu wake wako hapa. Kituo cha batri kinachosema juu ya vitu vya kisasa na hakiiti watu hawa mezani kinatupa nusu ya akili ya mji.

Sasa tukipime na nini? Picha za wageni wenye makoti na kofia za usalama hazitoshi. Mimi ninaona maswali matano. Wanafunzi wangapi wamemaliza masta na udaktari, na wangapi wamebaki nchini? Mashine inafanya kazi siku ngapi kwa mwezi? Unga wa kobalti wa hapa umekuwa prekursa ngapi zilizopimwa na mnunuzi wa kweli, na alijibu nini? Feza ngapi zinatoka kwetu wenyewe? Na maji ya tangi yanaenda wapi? Kila mwaka, ukurasa mmoja, Kifaransa na Kiswahili, ubandikwe kwenye mlango wa kituo. Majibu yakiwa madogo, haidhuru. Mbegu haitoki siku ya kupanda. Ila mkulima anayekataa kuonyesha shamba lake, jirani wanajua sababu.

Na sisi wenyewe? Mwenye kusoma kemia, metaliji, umeme, asingoje kuitwa: agonge ule mlango, aombe nafasi ya kazi ya mwisho. Mwenye kusoma agronomia asiseme batri si yake. Yangambi ilikufa mikononi mwetu juu ya kukosa watu. Mwaka huu udhuru ule hatuna tena. Watu tuko, tumejaa, wengine tunauza unite barabarani na diplomi ndani ya valizi.

Yule mama alilipa batri yake, akaenda. Sikumjibu vizuri siku ile. Nilimwambia: « Mama, banajaribu. » Akacheka: « Tangu Union Minière tunasikia banajaribu. » Nataka siku akirudi kwa mudogo wangu nimuonyeshe ule ukurasa mmoja, asome mwenyewe.